Mtungi Katika Stoo ya Mabondo

Harufu ya mabondo yakikauka si harufu ya samaki. Watu wengi hudhani ni ileile, kwa kuwa bondo hutoka tumboni mwa mbuta, yaani sangara, lakini samaki hunuka ziwa, na bondo likishaanikwa siku mbili hunuka gundi, ngozi mbichi, na kitu kingine kitamukitamu kinachokwama kooni. Mwaka jana nilikuwa napita nyuma ya soko la Homa Bay na mfuko wa nyanya mkononi, harufu hiyo ikanijia kutoka kwenye ua mmoja wenye lango la mabati. Nikasimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele nimpishe.

Kwa wasioyajua, mabondo ni vile vibofu vya hewa vinavyomsaidia samaki kuelea. Wachina huyapika supu. Siku hizi kila mvuvi anajua hivyo, na hawezi kupasua mbuta bila kuliweka bondo kando kama yai. Nilipokuwa mtoto kule Muhuru Bay, wavuvi waliyatupia mbwa, na mtu mmoja tu ndiye aliyepita ufuoni akiyaokota na kuyanunua. Mtu huyo alikuwa babu yangu. Walimpenda, lakini walimwona ana kasoro kidogo kichwani.

Nawaomba mnivumilie kwa jambo moja. Nikisimulia haya sauti yangu haipandi wala haishuki. Mume wangu husema nasimulia msiba kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Nimejaribu kujirekebisha, nimeshindwa, basi tuendelee hivyohivyo.

Babu nilimwita Kwara, kama watoto wote wa Kijaluo wanavyowaita babu zao, ingawa yeye alikuwa Mchina wa kuzaliwa Zanzibar. Mama yangu ni Mjaluo wa upande wa Homa Bay. Baba alikuwa mtoto wa pekee wa Kwara. Mimi ni Akinyi, na shuleni nilikuwa na macho ambayo wenzangu waliyachekelea kwa muhula mmoja hivi, kisha wakachoka, wakahamia kwa mtoto mwingine aliyekuwa na kigugumizi.

Tuliishi katika boma la Mzee Odira, aliyempa Kwara mahali pa kujenga. Kwa Kijaluo mtu kama huyo huitwa jadak, mkaaji katika ardhi ya wengine. Si tusi. Ni kama kusema fulani ni mrefu. Lakini jadak anaweza kuambiwa aondoke, na anapokufa watu hukuna vichwa kidogo wakijiuliza atalazwa wapi.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na stoo ya udongo na mabati. Humo mabondo yalining'inia kwenye waya, na pembeni, juu ya kipande cha mbao, ulikaa mtungi wa rangi ya kahawia uliofika kiunoni mwangu. Mfuniko wake ulizibwa kwa nta, juu yake kitambaa chekundu kilichopauka. Ndani ya mtungi huo alikuwamo baba yake Kwara.

Nilijua. Sikuwahi kuogopa, kwa sababu nilijua tangu kabla ya kujua kuwa watu huogopa vitu kama hivyo. Kila Jumapili baada ya kanisa Kwara aliniita stoo, akanikalisha chini, akaweka kiganja changu juu ya mtungi. Ulikuwa baridi hata jua likiwaka. Kisha alifungua bati la biskuti, akatoa karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa kama feni ya mkono, akanifundisha majina. Yalikuwa kumi na moja. Kila kizazi kilikuwa na neno lake, lililopangwa na wazee wa kijijini kwao zamani sana, na wote wa kizazi hicho walilibeba katika majina yao. La kumi na moja lilikuwa la Baba.

"Hapo mwisho," Kwara alikuwa akisema.

"Na mimi?"

"Wewe utaolewa. Utaandikwa huko kwenu."

Nilimuuliza Mama huko kwetu ni wapi, akaniambia nikalete kuni.

Baada ya majina ilikuja safari. Baba yake Kwara alitoka kijiji chenye mto mbele na kilima nyuma, kusini mwa Uchina, akapanda meli akiwa kijana akafika Zanzibar kununua majongoo bahari na mapezi ya papa. Alitaka kukaa miaka mitatu. Akakaa mpaka akafa. Kwao, mtu akifia ugenini huzikwa kwa muda tu. Miaka ikipita mifupa hufukuliwa, ikaoshwa, ikaanikwa juani juu ya mkeka, ikapangwa ndani ya mtungi kuanzia ya miguu, halafu mapaja, nyonga, mbavu, fuvu likawa la mwisho kabisa, ili mtu akae kitako kama abiria. Kisha mwanawe humrudisha nyumbani. Kwara alimwahidi baba yake hivyo, na kisiwa kilipochafuka aliifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, akaondoka na mke, mtoto mchanga na mtungi.

Wakaenda Dar es Salaam, wakapanda garimoshi hadi Mwanza. Mwanza walikaa miaka, halafu Musoma. Bibi alifia Musoma, naye alikuwa amesema kabisa asifukuliwe na mtu yeyote, amechoka na kuhama. Kutoka Musoma Kwara na Baba walivuka mpaka kuja Muhuru. Ofisa wa forodha aliuliza mtungi una nini, Kwara akasema achari. Ofisa akataka kuonja. Kwara akamwambia bado haijaiva, labda miezi sita. Hadithi hiyo aliisimulia kila Jumapili, na ndiyo sehemu pekee aliyocheka.

Kila walipofika walisema ni mwaka mmoja tu, kisha nyumbani. Mimi nilizaliwa ndani ya huo mwaka mmoja.

Kila Jumapili, mwishoni, alinionya kwa maneno yaleyale. Habari ya mtungi si ya kumwambia mtu wa nje.

Nilipokuwa na miaka tisa, Dani, bibi yangu mzaa mama, alikuja kututembelea kutoka Homa Bay. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kanisani, na alileta gunia dogo la njugu za shamba lake. Sasa, kwa Wajaluo mama mkwe hawezi kulala katika nyumba ya mkwewe. Ni mwiko, hata kama nyumba ni kubwa namna gani, na yetu haikuwa kubwa. Jirani zetu walikuwa na wageni wa matanga. Kwara alikuwa amekwenda Kisumu kupeleka mabondo, asingerudi kabla ya siku nne. Mama akafagia stoo, akasukuma waya za mabondo upande mmoja, akamtandikia Dani mkeka huko. Mtungi aliuacha mahali pake. Naye, kwa miaka yote aliyoolewa, aliamini una chumvi na dawa za Kichina. Kwara alimwambia hivyo, na Baba hakumsahihisha.

Asubuhi ya pili nilimpelekea Dani uji. Nikamkuta ameinama juu ya mtungi, ameshatoa kitambaa chekundu, anakwangua nta kwa ukucha. Alitaka kuhifadhi njugu zake panya wasizifikie.

Nilisimama na kikombe. Nakumbuka nilifikiri polepole kabisa. Kwara alisema nisimwambie mtu wa nje. Dani si mtu wa nje, ni mama yake mama. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo.

"Dani, hapo hapana," nikamwambia kwa Kijaluo. "Ndani amekaa baba yake Kwara. Amekaa kitako, miguu yake iko chini, kichwa juu."

Hakupiga kelele. Aliondoa mkono wake, akaupangusa kwenye leso, akairudisha nta iliyobanduka kwa kidole gumba kama mtu anayefunika mtoto. Kisha akaketi juu ya kreti.

"Nyakwara, mjukuu wangu, sema tena."

Nikasema tena. Nikaongeza Zanzibar, garimoshi na ofisa wa achari. Dani hakucheka kwa ofisa.

Alitoka akasimama uani, akawaita Mama na Baba kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia anapotaka kila mtu asikie. "Mtu wa watu ako kwa stoo kama mahindi! Na nyinyi mnakula, mnalala, mnazaa watoto! Nani ameniweka nilale na mtu hajazikwa? Mnataka chira iue huyu mtoto?"

Chira ni ule mkosi unaomfuata aliyevunja mwiko, humkausha mtu mpaka anabaki mifupa. Mama alianza kulia. Aliuliza nani amemwambia Dani maneno hayo. Dani alinitazama nikiwa bado na kikombe cha uji.

"Nimefungua mwenyewe," akasema. "Nimeona na macho yangu."

Sikuhisi nimeokolewa wala sikuhisi vibaya. Niliunywa uji ule mimi.

Baba angeweza kukataa. Alikuwa mwana wa Kwara, na baada ya Kwara mtungi ungekuwa mzigo wake. Lakini mkwe hambishii mama mkwe, wala hamtazami usoni, na Baba aliyafuata mambo ya Kijaluo kuliko Wajaluo wenyewe. Alisimama upande, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake, akasema, "Sawa, Mama." Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba siku ile alikuwa amechoka kuubeba ule mtungi kabla hata hajakabidhiwa.

Dani akaenda kwa Mzee Odira. Nilimfuata. Mzee Odira alisikiliza mpaka mwisho, mswaki wa mti ukiwa mdomoni.

"Yaani mgeni amekaa kwa dala yangu, boma yangu hii, miaka yote hii," akasema, "na mimi sijamsalimia hata siku moja?"

Aliona aibu kweli. Yeye mwenyewe alikuja akaonyesha mahali, upande wa kulia wa nyumba yetu ukitoka mlangoni, pale anapolazwa mwanamume mwenye boma. Siku iliyofuata alasiri wakachimba. Akachinja fahali wake. Kina mama wa kanisa wakaja na vitambaa vyao vyeupe, wakaimba, ingawa hakuna aliyejua marehemu alikuwa wa dini gani. Mtungi ulishushwa mzima kwa kamba. Mtu akauliza alazwe au vipi, na Dani akawaambia wamwache alivyo, ila aelekee ziwani, asije akatazama ukuta. Juu wakamwaga saruji. Watu walikula nyama mpaka jua likashuka. Mimi nilikula pia, nikacheza kamba.

Kwara alirudi siku ya nne, saa za mchana, amebebwa nyuma ya baiskeli. Alishuka kwenye njia ya boma, akaiona saruji. Ilikuwa bado na rangi ya majivu mabichi, na kuku mmoja alishaacha alama za miguu. Dani alikuwa akimngoja. Hakutaka kuondoka kabla ya kumwambia mwenyewe, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Mzee, tumezika baba yako," akasema. "Nilifungua huo mtungi, nikaona. Usikasirikie watoto. Ni mimi."

Kwara aliweka mkoba chini. Mwenye baiskeli alianza kukohoa, anataka nauli.

"Anaangalia wapi?" Kwara akauliza.

"Ziwa. Alikuwa amekaa kitako, tukamwacha hivyohivyo."

Kwara alimtazama Dani. Halafu akanitazama mimi, kidogo tu. Akamshukuru Dani kwa mikono miwili, akamlipa mwenye baiskeli, akaingia stoo. Nilichungulia. Kwenye ile mbao palikuwa na duara la vumbi mahali ulipokuwa mtungi. Aliligusa kwa ncha ya kiatu, kisha akaanza kugeuza mabondo kwenye waya, moja baada ya jingine, kazi yake ya kila siku.

Baadaye alitoka na bakuli la zile njugu za Dani. Aliketi kando yangu kwenye kizingiti, akawa anazimenya na kuniwekea kiganjani. Alinimenyea nyingi. Nilizila zote nikingoja aniulize. Hakuniuliza.

Nilimsikia Baba akimwambia wiki hiyo kwamba wanaweza kufukua, kwani kwao si kosa kufukua. Kwara akajibu, "Ng'ombe imechinjwa." Hawakulizungumza tena mbele yangu. Mtu aliyechinjiwa fahali wa jirani hawezi kuchimbuliwa kama muhogo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda stoo, nikamkuta anafunga magunia. Bati la biskuti halikuonekana. Sikuuliza. Majina hayakufundishwa tena, wala ofisa wa achari hakusikika tena. Nilidhani hajui ni nani aliyesema, na nikaifanya kazi yangu kuwa kuhakikisha hajui kamwe. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani. Aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo, na kila aliponitazama kwa muda nilihamisha mazungumzo. Alipougua nilikaa kando ya kitanda chake nikimpepea, na sikusema. Alizikwa upande wa kulia wa nyumba, kando ya baba yake. Hakuna aliyekuna kichwa kuhusu mahali. Mzee Odira alisema, "Mpelekeni kwa baba yake," na watu wakachukua majembe. Sikulia siku ile. Nilihesabu viti vya kukodi.

Mwaka jana tulimzika Baba hapohapo. Mama akanikabidhi lile bati la biskuti, akisema limekuwa chini ya kitanda chao na yeye hajui kulisoma. Nami sijui. Nilijua majina kwa mdomo tu. Nikarudi nalo Homa Bay, ninakofundisha, nikaliweka juu ya kabati, mpaka ile siku ya harufu.

Kwenye ua wa lango la mabati nilimkuta kijana anayeitwa Chen, mnunuzi wa mabondo. Kiswahili chake alijifunzia Sori, ufuoni, na kilikuwa kama cha wavuvi hasa. Kesho yake nilimpelekea ile karatasi. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kuishika.

"Dada, hii ni kitabu ya ukoo," akasema. "Hii maandiko ni ya zamani. Nitaenda pole."

Alisoma majina, na midomo yangu ikamfuata yenyewe. Alishtuka akanitazama, akaendelea. Alipofika kwa baba yake Kwara alisogeza karatasi karibu na macho. Alisema hapa palikuwa pameandikwa kwamba mifupa iko safarini, kisha maneno hayo yamepigwa mstari mmoja. Chini yake yakaandikwa mengine: amezikwa Muhuru, ameketi, anatazama maji.

"Na hapa," akasema, "ni mahali ya kuandika nani amemzika. Kwetu ni kijana mkubwa. Lazima kijana. Lakini hapa ameweka msichana. Neno ya kwanza ni ya kizazi ya kumi na mbili. Halafu, A-ki-nyi. Unamjua?"

Nilisema namjua.

Nilisimama pale uani kati ya waya za mabondo, na ndipo nilipoelewa kitu kidogo ambacho mtoto wa miaka tisa asingeweza kukiona. Ukifungua mtungi kama ule unaona fuvu tu. Kwamba mtu ameketi, miguu yake iko chini, hilo huwezi kuliona. Lazima uwe umeambiwa. Dani alimwambia Kwara kwamba alikuwa amekaa kitako, na katika boma lile lote aliyefundishwa hivyo, mbali na Baba, alikuwa mtu mmoja. Na Baba asingeweza kumwambia mama mkwe hata kwamba mvua inanyesha. Kwara alijua palepale, kabla hajamlipa mwenye baiskeli. Alijua alipokuwa akinimenyea njugu. Nilimficha kwa miaka kumi na miwili kitu alichokuwa nacho kwenye bati la biskuti.

"Ameandika kwa hasira au kwa shukrani?" nilimuuliza Chen.

Aliitazama tena, kwa heshima, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali nje ya silabasi. "Siwezi jua, dada. Ameandika tu vizuri. Hakukuwa na haraka."

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Nilikunja karatasi, nikamwuliza bei ya kilo siku hizi ni ngapi, akanitajia, nikasema imepanda sana.

Likizo ilipofika nilikwenda Muhuru na njugu za shamba la marehemu Dani. Ilikuwa saa nane mchana, Mama amelala. Niliketi kati ya makaburi matatu, nikamenya njugu nikaziweka kwenye saruji ya Kwara, na kuku wakaja wakazila. Sikuwafukuza. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, "Kwara, ni mimi niliyesema." Kisha nikaweka kiganja juu ya saruji ya baba yake, pale zilipo bado alama za miguu ya kuku. Ilikuwa moto kwa jua. Nikataja majina kwa mpangilio, sikukosea hata moja. Nilipofika la kumi na moja, la Baba, nikanyamaza kama nilivyozoeshwa. Halafu nikataja la kumi na mbili.